Maji ya kufulia

Maji ya kufulia hutofautiana kwa ugumu, joto na usafi. Ugumu ndio unaosahaulika zaidi, na lawama zake huangukia sabuni.

Maji huitwa magumu yakiwa na kalisi na magnesi nyingi iliyoyeyuka ndani yake. Madini hayo hushikana na sabuni ya mche kabla haijaufikia uchafu, yakafanya utando wa kijivu unaonata kwenye nyuzi: shati jeupe hufubaa, taulo hukakamaa. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yenye chini ya miligramu 60 za kalisi kaboneti kwa lita ni laini. Yanayozidi 180 ni magumu sana. Nyumbani chupa inatosha. Kwangulia sabuni kidogo ndani ya maji, funika, tikisa. Maji laini hutoa povu linalodumu, magumu hutoa mabonge na ukungu.

Maji ya mvua ni laini, ila ya mwanzo huteremka na vumbi la bati. Yakishapita ardhini hubeba madini ya mwamba wake. Visima vingi vya Unguja na Mombasa vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti; bahari ikipenya kisimani, magnesi nayo huongezeka. Hata maziwa hayafanani. Ziwa Victoria lina maji laini, Ziwa Tanganyika lina magnesi nyingi, kwa hiyo mche uleule hautoi povu sawa Mwanza na Kigoma.

Kuchemsha huondoa ugumu wa muda tu. Ukoko mweupe ndani ya birika ndiyo kalisi iliyojitenga. Ugumu wa kudumu hauogopi moto, na kuni zinazoteketea kwa kazi hiyo ni hasara tupu. Dawa yake ni magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti: yayeyushwe kwenye maji kabla ya sabuni, mashapo yatuame, maji ya juu yamiminwe kwenye beseni. Sufu na hariri zisiguswe na magadi, huziharibu. Sabuni ya unga huvumilia maji magumu kuliko mche, kwa kuwa viungo vyake havifanyi utando ule. Wingi wa povu lake, hata hivyo, si ushahidi kwamba nguo imetakata.

Kuhusu joto, doa la damu, maziwa au yai hulowekwa kwenye maji baridi, kwani moto hugandisha protini ndani ya nyuzi. Mafuta hutaka maji ya moto. Vimeng'enya vilivyomo katika baadhi ya sabuni za unga hufanya kazi vizuri kwenye vuguvugu la nyuzijoto 40 hivi, na utitiri wa mashuka hufa kwenye 60. Sufu ikisuguliwa katika maji ya moto hujikunyata.

Maji ya kisima yenye chuma hudanganya macho: huchotwa meupe, kisha hugeuka rangi ya kutu yakikutana na hewa. Kuyatia dawa ya klorini ili nguo ing'ae ni kosa, maana klorini huharakisha kutu na kuiacha kwenye kitambaa. Yaachwe wazi ndani ya pipa usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa kizito, na nguo nyeupe ziwekewe maji ya mvua.