Buta, 1997: Ujasiri Uliofundishwa

Ninapofundisha historia ya nchi za Maziwa Makuu, naona wanafunzi wangu wengi wanafahamu habari za wauaji na wanaouawa. Wachache mno wamewahi kusikia habari za waliokataa. Kwa sababu hiyo naandika leo kuhusu Buta.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, katika Jimbo Katoliki la Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwakuta wanafunzi bwenini, wakawaamuru wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa. Wakamiminiwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono. Vijana 40 walikufa, Wahutu kwa Watutsi.

Uzito wa kukataa huko hauonekani mpaka turudi nyuma. Nchini Burundi, shule ilikwisha kuwa mahali pa kutenganishia watoto. Mwaka 1972, utawala wa kijeshi ulipowaangamiza Wahutu waliosoma, walimu na wanafunzi walichukuliwa madarasani na hawakurudi. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na wanajeshi, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya Kibimba waliteketezwa kwa moto. Kwa hiyo kijana wa Buta alipoamriwa ajitenge, alijua vema amri hiyo ilikotoka na ilikokuwa ikielekea. Alijua pia kwamba kwa hatua chache tu angeweza kuponea upande wa pili.

Ujasiri huo ulitoka wapi? Wapo wanaojibu kwamba ulikuwa muujiza, nami sina ugomvi na imani yao. Lakini gombera wa seminari hiyo, Padre Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu vijana wake, anatuonyesha kazi iliyotangulia. Baada ya 1993 wanafunzi walirudi shuleni na majeraha ya nyumbani. Huyu ndugu zake walikuwa wameuawa na majirani, yule wa kwake wameuawa na jeshi. Wote walilala bweni moja. Padre huyo hakupiga marufuku mazungumzo juu ya ukabila. Aliyafungulia mlango, vijana wakaelezana hofu na hasira zao ana kwa ana. Pamoja na hayo walisali, walicheza mpira, walicheza ngoma za kwao. Siku chache kabla ya shambulio walikuwa wamemaliza mafungo ya Pasaka. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka mitatu na nusu, na mtihani wake ulikuja alfajiri moja.

Tuzingatie jambo moja zaidi. Amri waliyopewa haikuwa ya kumkana Mungu. Walitakiwa kumkana mwenzao wa kitanda cha jirani, nao wakaona kwamba hayo mawili hayatengani. Wiki sita kabla yake, tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa Nyange nchini Rwanda walikuwa wameamriwa vivyo hivyo na kujibu vivyo hivyo. Leo Rwanda inawahesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa. Wanasiasa wa Burundi, waliosuluhishwa kwanza na Mwalimu Nyerere kisha na Nelson Mandela, walitia saini Mkataba wa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, miaka zaidi ya mitatu baada ya vijana wa Buta kutia sahihi yao kwa damu.

Mara nyingi shule zetu huuita ukimya nidhamu. Mwanafunzi akiuliza kuhusu kabila, dini au chama, huambiwa hayo si mambo ya shuleni. Tunamlea kutii, kisha tunashangaa anapotii kila amri, hata ile isiyostahili kutiiwa. Mtumishi wa umma anayeombwa kuandaa orodha ya watu kwa asili yao alikuwa mwanafunzi jana. Kama hakufunzwa kuuliza akiwa darasani, hatauliza akiwa ofisini.

Walimu wakuu wanaonisoma nawaomba jambo dogo: watenge saa moja kwa juma ambapo vijana wataongea kweli juu ya yale yanayowagawa, mwalimu akiwapo, bila adhabu. Buta walianzia hapo.