Moto wa Gahini: Neema Iliyovuka Mipaka

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe! Salamu hii ilienezwa sana na ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Tuwakumbuke.

Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, watu wawili walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba: Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Daktari alikuwa amechoka kabisa baada ya njaa kubwa iliyoua watu wengi huko. Mmisionari mzima, huduma anayo, ushindi hana. Watumishi wenzangu mnanielewa.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, naye alikwenda kufundisha Gahini. Alikufa kwa homa Januari 1936, kabla hajasimama mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda kusema lililokuwa moyoni mwake: kanisa limelala, liamke.

Sasa, walioguswa wengi hawakuwa wapagani. Walikuwa wamebatizwa, wengine walimu wa kanisa, wanapigana na ulevi, uzinzi na wizi kwa nguvu zao wenyewe, wanaanguka, wanaficha. Kilichobadilika ni kwamba waliacha kuficha. Walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi kwa jina lake, wakiitegemea damu ya Yesu, kama 1 Yohana 1:7 inavyofundisha. Waganda wakawaita Balokole, yaani waliookoka.

Halafu wakaanza kurudisha mali za wizi na kulipa madeni. Angalieni mpangilio, maana hapo ndipo sisi wahubiri huwa tunapageuza. Hawakurudisha ili wasamehewe. Walikuwa wameshasamehewa, mzigo umetoka, basi wakashindwa kukaa na cha mtu nyumbani. Ndiyo Warumi 6:14 hiyo: neema inaondoa utawala wa dhambi, haiipi dhambi ruhusa.

Kweli, hawa walikuwa Waanglikana na wengi wao wakabaki humo humo. Hawakutafuta kuanzisha dhehebu. Lakini moto haukujua mpaka. Mwaka 1937 timu ya Gahini ilifika Kabete, Kenya, na mwaka 1939 Katoke, upande wa Bukoba.

Miaka ya 1950 neema hiyo ikapimwa. Wakati wa Mau Mau, ndugu wengi wa Uamsho huko Ukikuyu walikataa kiapo, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo, hawawezi kuchanganya na nyingine. Wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Na serikali ya kikoloni ilipotaka kuwapa bunduki wajilinde, wengi wao walikataa pia.