Kamati za Kijiji na Mzigo wa Kujitolea: Historia ya Uongozi Usiolipwa Tanzania Bara

Serikali ya kijiji nchini Tanzania huendeshwa, kwa sehemu kubwa, na watu wasio na mshahara. Ofisa mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, na walimu na waganga wa zahanati wamo katika orodha ya watumishi wa umma, lakini wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa kamati za shule, za maji, za maliasili, za afya na za ulinzi ni wakulima na wafugaji wanaoacha shughuli zao kwenda kikaoni. Historia ya kamati hizi mara nyingi huandikwa kama historia ya sheria zilizoziunda, hali ambayo hulificha swali lenye uzito zaidi, yaani kila kamati iliwajibika kwa nani: kwa wakazi walioichagua, au kwa ofisi iliyohitaji mikono ya kufanya kazi bila kulipa.

Uongozi wa kujitolea vijijini ulikuwapo kabla ya serikali ya kikoloni, na mfano ulio wazi zaidi ni ule wa mifongo ya Kilimanjaro, yaani mifereji inayochukua maji kutoka katika mabonde ya juu ya mlima na kuyapitisha ubavuni, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa, hadi kwenye vihamba vya migomba. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake, ambao kwa kawaida walitokana na ukoo uliouchimba, na wazee hao ndio waliopanga zamu za maji, waliowaita watu kuzibua mfereji baada ya mvua kubwa, na walioamua ugomvi wa jirani aliyefungulia maji usiku isivyo zamu yake. Aliyekosa kufika kazini bila sababu alitozwa faini au kunyimwa zamu, na kwa kuwa mgomba uliokosa maji wakati wa kiangazi ulionekana na kila mpita njia, adhabu hiyo haikuhitaji askari. Mzee wa mfongo hakulipwa, lakini maji aliyoyagawa yalipita pia katika kihamba chake, na wale aliowaamuru waliweza kumwona akiamuru kwa haki au kwa upendeleo. Usukumani nako vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kazi, ulioongozwa na kiongozi waliyemchagua wenyewe, na umoja huo ulilima mashamba kwa zamu bila kumtegemea ntemi kwa kila jambo.

Utawala wa Wajerumani, kwa mfumo wake wa maakida na majumbe, uliweka kijijini mtu aliyewajibika kwenda juu: jumbe alihesabu watu, alikusanya kodi na alitoa vibarua. Waingereza walibadili sura ya mfumo huo kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, iliyowapa machifu na mabaraza yao nafasi rasmi serikalini, lakini wajibu wa kwenda juu haukubadilika. Matokeo yake yalionekana waziwazi katika milima ya Uluguru, ambako serikali iliagiza wakulima wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, na machifu na wasaidizi wao wakapewa kazi ya kuwasimamia. Kazi hiyo iliitwa ya manufaa kwa wote, lakini hapakuwa na kikao chochote ambacho mkulima angeweza kukiuliza kwa nini matuta yachimbwe pale na si kwingine, wala kama udongo wa chini uliofukuliwa ungezaa mahindi. Mwaka 1955 upinzani uligeuka ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukaachwa. Tukio hilo linastahili kukumbukwa na kila mwenye kuandika habari za maendeleo vijijini, kwa sababu hifadhi ya udongo ilikuwa ya lazima kweli. Kilichoiangusha ni namna ilivyoagizwa.

Baada ya Uhuru, serikali ya TANU ilihitaji kamati zenye sura tofauti kabisa na ile ya jumbe. Kuanzia 1962 ziliundwa kamati za maendeleo za vijiji, mwaka 1963 uchifu ukaondolewa kisheria katika utawala, na muda mfupi baadaye chama kikaanzisha mashina ya nyumba kumi kumi, ambayo viongozi wake, mabalozi, waliingia katika kamati hizo. Miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa ya kujitolea kwa kiwango ambacho hakijarudi tena: barabara zililimwa kwa majembe, madarasa na zahanati vikajengwa kwa matofali ya wanakijiji, na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi ilikuwa na maana kwa mtu aliyeona jengo likisimama. Hata hivyo, majengo mengi yalikosa mwalimu au mganga kwa sababu kamati zilijenga bila kujua bajeti ya wizara ilikuwa na nini. Mwaka 1969 kamati za vijiji zilibadilishwa na kamati za maendeleo za kata, hatua iliyousogeza uamuzi mbali kidogo na mwenye jembe.

Katika mwaka huohuo wa 1969 kulitokea jambo jingine la kusikitisha. Huko Songea, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia katika kijiji cha Litowa, kilikuwa kimeunganisha vijiji kadhaa ambavyo wakazi wake walilima pamoja, walijadili mipango yao katika mikutano yao na kugawana mapato kwa utaratibu waliokubaliana. Maandishi ya Mwalimu Nyerere ya 1967 kuhusu ujamaa vijijini yalieleza karibu jambo lilelile ambalo Litowa ilikuwa inalifanya tayari. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, kwa sababu vijiji vilivyoamua mambo yao vilikuwa havitaki kuamuliwa na viongozi wa mkoa. Taifa lilipoteza wakati huo shule yake bora ya uongozi wa kamati za hiari, na hasara hiyo ilionekana miaka michache baadaye.

Mfumo wa Madaraka Mikoani wa 1972 ulifuta halmashauri za wilaya, na Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena. Kufikia mwisho wa kampeni hiyo ya kuhamishia watu vijijini, iliyoitwa Operesheni Vijiji, zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wakazi wa vijiji zaidi ya 7,000. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa Na. 21 ya 1975 ikavipa vijiji hivyo hadhi ya kisheria na kuweka halmashauri ya wajumbe 25 yenye kamati tano: ya fedha na mipango, ya uzalishaji na masoko, ya elimu, utamaduni na ustawi wa jamii, ya ujenzi na usafirishaji, na ya ulinzi na usalama. Kwenye karatasi huo ulikuwa mgawanyo mzuri wa kazi. Lakini mwenyekiti na katibu wa tawi la chama ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji, na wakazi wengi walikuwa wamehamishwa karibuni, wengine kwa nguvu, wakaketi na majirani wasiowajua katika ardhi wasiyoijua. Kamati ya uzalishaji ilipowaita watu shamba la kijiji, wengi walikwenda kwa kuogopa faini, na shamba hilo mara nyingi lilipaliliwa mwisho, baada ya yale ya kaya.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo msingi wa utawala wa vijiji vya Bara hadi leo, ilirudisha halmashauri za wilaya na kuuweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Mkutano mkuu ni mkusanyiko wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ina wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwamo wenyeviti wa vitongoji na wanawake wasiopungua robo. Na kamati za kudumu ni tatu, yaani ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama. Chini ya hizo tatu, kila sekta imeongeza kamati yake.

Kati ya hizo zote, kamati ya maji inafundisha zaidi. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mkazi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na gharama zilibebwa na serikali na wafadhili. Mwaka 1991 ulifika bila lengo hilo kutimia, na pampu nyingi zilikuwa zimekwama kwa kukosa dizeli au kipuri. Sera ya Maji ya mwaka huo ilivitaka vijiji viunde kamati za maji na mifuko ya maji, na Sera ya 2002 ikaimarisha mwelekeo huo kwa kuwakabidhi watumiaji umiliki na gharama za uendeshaji. Kwa maneno mengine, kazi iliyoishinda wizara ilikabidhiwa watu wa kujitolea.

Kazi yenyewe, ikitazamwa kwa karibu, ni nzito. Mjumbe au mtu aliyewekwa na kamati hufungua kufuli la kituo cha kuchotea maji alfajiri, hupokea sarafu kwa kila ndoo, huandika katika daftari, na jioni humkabidhi mhazini. Mhazini huweka benki iliyopo makao makuu ya wilaya, kwa nauli ambayo mara nyingine hula sehemu ya makusanyo ya juma zima. Bomba likipasuka, mwenyekiti humtafuta fundi. Mfuko ukiwa mtupu, humtafuta kwa mkopo. Wajane na wazee wasiojiweza huruhusiwa kuchota bure, na orodha yao haiwi na amani hata siku moja, kwa sababu kila anayeongezwa anawafanya wengine waulize kwa nini wao hawakuongezwa. Wanawake, ambao ndio hubeba ndoo, mara nyingi ndio huaminiwa kutunza fedha, lakini katika vikao vingi mwenyekiti amebaki kuwa mwanamume. Kamati inayosoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu, shilingi kwa shilingi, hupata nguvu ya kupandisha bei ya ndoo inapobidi; ile isiyosoma hushindwa kukusanya hata bei ya zamani.

Misitu inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Huko Babati, msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000, ulikuwa mbioni kufanywa hifadhi ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanakijiji waliosikia habari hizo wakaongeza kasi ya kuuvuna kabla haujafungwa. Mpango ulipogeuzwa na vijiji vinane vinavyouzunguka vikapewa usimamizi, kila kijiji kiliunda kamati ya msitu, kikaweka walinzi wake kutoka vitongojini na kutunga sheria ndogo zilizosema nani anaweza kukata nini, wapi na kwa kibali gani. Uvunaji holela ulipungua, na uzoefu huo ulichangia kuifanya Sheria ya Misitu ya 2002 itambue misitu ya hifadhi ya vijiji. Baraza la ardhi la kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 lina sifa inayofanana na ya kamati hizo za msitu: wajumbe wake saba, wanawake wakiwa angalau watatu, hupendekezwa na halmashauri lakini lazima wathibitishwe na mkutano mkuu, na kazi yao ni kusuluhisha.

Si kila kilichotoka chini kilikuwa chema. Sungusungu, yaani walinzi wa vijijini waliojiunda Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipunguza wizi wa ng'ombe ambao polisi walikuwa wameshindwa nao, lakini baadhi yao waliwapiga watuhumiwa na kuwafukuza vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Uwajibikaji kwa majirani bila sheria unaweza kugeuka hofu ya majirani.

Shuleni, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002 uliziweka kamati za shule katika usimamizi wa fedha za ruzuku na ujenzi, wakati ambapo wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 4.9 mwaka 2001 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa ya mpango huo yalijengwa na mafundi waliosimamiwa na wazazi, huku mchanga, maji na mawe vikibebwa na kaya. Ni jambo la haki kusema kwamba bila wajumbe hao wasiolipwa fedha zisingegeuka kuta kwa kasi ile, na ni jambo la kusikitisha kwamba majina yao hayamo katika taarifa za mafanikio.

Suala la posho ndilo linaloamua mustakabali wa mfumo huu. Miradi ya wafadhili ilizoesha kulipa wajumbe kwa siku ya semina, na mradi ulipoondoka, kikao kisicho na bahasha kikaanza kukosa akidi. Katika sekta ya maji, Sheria Na. 5 ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ilileta vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vinatakiwa kuajiri wahasibu na mafundi. Hatua hiyo ni sahihi, kwa kuwa hakuna haki katika kumtaka mkulima atunze pampu ya mamilioni kwa huruma tu. Hatari yake ni moja: mhasibu anayelipwa anaweza kuitazama ofisi ya wilaya zaidi ya kumtazama mwenye ndoo. Kwa hiyo halmashauri za wilaya zinapaswa kusimamia kwa ukali ratiba ya mikutano mikuu, na wakazi nao wahudhurie na kudai kusomewa hesabu, kwa sababu sheria ya 1982 inaupa mkutano mkuu mamlaka ya kuichagua halmashauri ya kijiji na pia ya kumwondoa mjumbe mmoja au wajumbe wote.