Brussels–Kinshasa: kilomita 6,200 zilizochukua siku 51

Mama mmoja muhami, mwenye mtoto anayesoma Kinshasa, alituuliza: «Kwa nini mtu wa Ulaya anafika kwa mtoto wangu mbele yangu?» Swali lake lilinirudisha hadi mwaka wa 1925.

Kwa mstari ulionyooka angani, toka Brussels hadi Kinshasa ni kilomita 6,200 hivi. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels na wenzake wawili, Léopold Roger na Jef De Bruycker, ndani ya ndege ya mbao na kitambaa yenye mota tatu. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita Niamey, Fort-Lamy (leo N'Djamena) na Bangui. Walitua Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Angani kwenyewe walikaa masaa 75 tu. Siku zingine zote zilipotea chini. Wakati ule meli toka Antwerp hadi Matadi ilitumia karibu wiki tatu. Kwa hiyo meli ilishinda ndege, na kwa mbali.

Thieffry hakuchoka. Alirudi Kongo kutafuta namna ndege zingeunganisha miji ya ndani ya inchi yetu, na kazi hiyo ndiyo iliyomuua: ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganyika mwaka wa 1929.

Mwaka wa 1935 kampuni ya Sabena ilifungua safari za kawaida, siku tano na nusu hivi. Wenye kupanda walikuwa wazungu, wakubwa wa serikali na wa makampuni. Mkongomani alijenga viwanja, lakini tiketi haikuwa yake.

Halafu ikafika Januari 1960. Patrice Lumumba alikuwa amefungwa Jadotville, leo Likasi. Wajumbe wa Kongo waliokuwa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara walidai aletwe. Akatolewa gerezani, akapandishwa ndege Élisabethville, akafika Brussels na alama za pingu mikononi. Kongo na Brussels zilikuwa mbali vilevile kama wakati wa Thieffry. Siyo mota peke yake iliyofupisha njia. Wabelgiji walimhitaji pale mezani.

Sasa turudi kwa mama yetu. Goma na Kinshasa zinaachana kilomita 1,570 hivi angani, robo tu ya njia ya Brussels, na ndege ilikuwa inatumia masaa mawili na kitu. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, kiwanja cha ndege kilifungwa. Wenye uwezo walianza kuvuka mpaka kwenda Rwanda ao Uganda, kutafuta huko ndege ya kuwazungusha kwa inchi za watu mpaka Kinshasa, katika inchi yao wenyewe.

Mama hana paspoti. Mtoto wake alipomaliza masomo ya mwaka, alimwonyesha matokeo kwa simu, na mtandao ukakatika kabla hajayasoma yote.