Lukodistrofia: Maradhi ya Kurithi ya Maada Nyeupe ya Ubongo

Ubongo wa mwanadamu ukikatwa na kutazamwa kwa macho matupu huonyesha rangi mbili: tabaka jembamba la kijivu kwa juu, na chini yake sehemu pana iliyo nyeupe, ambayo kwa Kiswahili cha kitaalamu huitwa maada nyeupe. Weupe huo ni wa mafuta. Ndani yake hupita nyuzi za mishipa ya fahamu, zikichukua habari kutoka upande mmoja wa ubongo hadi mwingine na kuziteremsha kwenye uti wa mgongo, na nyingi katika nyuzi hizo zimezungushiwa, tabaka juu ya tabaka, utando wa mafuta ambao tabibu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, aliupa jina la mayelini mwaka 1854. Nami napenda kuuita ala, kwani huuvika uzi wa fahamu kama ala inavyouvika upanga. Utando huo ukiwa mzima, habari hukimbia. Ukiharibika, habari huchelewa, hupotea njiani, na mwishowe uzi wenyewe hufa.

Maradhi ya kurithi yanayoila ala hiyo, au yanayoizuia isijengeke tangu awali, yamekusanywa chini ya jina moja lililoundwa kwa Kiyunani: leukos, yaani nyeupe; dys, yaani mbaya; na trophe, yaani lishe. Mwenye kulifasiri jina hili kipande kwa kipande ataishia kwenye utapiamlo wa maada nyeupe, na fasiri hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote. Utapiamlo kwetu ni habari ya chakula, na mama atakayeambiwa kwamba ubongo wa mwanawe una utapiamlo atarudi nyumbani akijilaumu kwa uji aliompikia na maziwa aliyomnyima, ilhali uji na maziwa havikuhusika hata chembe, kasoro ikiwa imo katika jeni tangu mimba ilipotunga. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba katika vyeti na vitabu vya tiba tuandike lukodistrofia, ili matabibu wa nchi mbalimbali wajue kuwa wanataja jambo lile lile, na mbele ya jamaa wa mgonjwa tuseme kwa kirefu: maradhi ya kurithi ya kuharibika maada nyeupe ya ubongo. Urefu wake si hasara, kwani neno "kurithi" peke yake humfanya msikilizaji aulize habari za ndugu na wajomba, na swali hilo, kama itakavyodhihirika, huweza kuokoa roho.

Aina zake ni nyingi, kila moja na kasoro yake ya kikemia. Katika aina moja kimeng'enya cha arilisalfatesi A hupungua, na mafuta yaitwayo salfatidi yakarundikana hadi kuiharibu ala. Katika nyingine ala haikamiliki kuumbwa. Lakini iliyonishughulisha zaidi ni adrenolukodistrofia, jina alilolitumia Michael Blaw mwaka 1970 kwa sababu maradhi haya hushambulia ubongo pamoja na adrenali, zile tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo. Mwili wa mgonjwa hushindwa kuvunjavunja asidi za mafuta zenye minyororo mirefu mno, hasa ile ya kaboni 26, nazo hujaa katika damu, tezi na ubongo. Jeni yenye kasoro, ABCD1, iligunduliwa mwaka 1993, nayo imo katika kromosomu X. Ndiyo maana baba mgonjwa huwarithisha binti zake wote wala hamrithishi mwana wa kiume, na mama aliyeibeba, kila mtoto amzaaye yumo katika nusu kwa nusu ya kuipokea.

Yanapoingia ubongoni, aghalabu kati ya umri wa miaka 4 na 10, huingia kwa hila. Mvulana aliyekuwa msikivu huanza kusahau alichotumwa, hati yake daftarini huharibika, huitwa asiitike, na masikio yakipimwa huonekana mazima, kwani sauti imefika sikioni ila ubongo haukuweza kuipambanua. Mwalimu humhesabu mtundu, na jamaa wengine hushuku mkono wa mtu. Kisha huja kuyumba, upofu na kushindwa kumeza.

Yalimpata hayo Lorenzo Odone, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye utotoni aliishi kwa muda visiwani Komoro, baba yake Augusto akiwa huko mchumi wa Benki ya Dunia. Maradhi yalitambuliwa Marekani mwaka 1984, na matabibu wakampa miaka michache tu ya kuishi. Augusto na mkewe Michaela, wasio matabibu wote wawili, walijifungia maktabani hadi wakapata mchanganyiko wa mafuta mawili, sehemu nne kwa moja, ulioshusha asidi zile katika damu. Na kijana wa Kikomoro aliyekuwa rafiki wa mtoto huyo tangu visiwani alivuka bahari kwenda kusaidia kumwuguza, jambo ambalo sisi watu wa pwani tuna haki ya kulikumbuka kwa fahari. Lorenzo, asiyeweza tena kusema, alijibu kwa kupepesa macho na kutikisa vidole. Alifariki tarehe 30 Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30.

Mafuta hayo, yaliyotangazwa ulimwenguni kwa filamu ya mwaka 1992, hayamrudishii kitu mtoto ambaye ubongo wake umekwisha kudhurika. Upandikizaji wa chembe za uboho huweza kuyazuia maradhi, lakini ukifanywa mapema tu. Na tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 imewaletea baadhi ya watoto saratani ya damu. Lakini upungufu wa homoni za adrenali, unaoweza kuua kwa ghafula, hutibiwa kwa vidonge vya haidrokotisoni.

Basi nawasihi matabibu na wazazi: mvulana akitapika mara kwa mara, akizimia, akitamani chumvi kupita kiasi, na fizi zake pamoja na mistari ya viganja vyake ikizidi kuwa myeusi, apimwe adrenali, na zikionekana zimepungua bila sababu iliyo wazi, damu yake ipimwe asidi za minyororo mirefu. Majibu yakithibitisha, waitwe ndugu zake wa kiume na wana wa mama zake wadogo na wakubwa, nao wapimwe wakiwa bado wazima.