Matairi makubwa kwa milima ya Upare: kabla hujatoa hela, fikiria kushuka

Ukitoka Same mjini kupandisha Mbaga au Mamba Miamba, gari linaanza kupimwa mapema. Njia inabana, kona zinajikunja, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Msimu wa vuli na masika udongo mwekundu unateleza kama umepakwa sabuni.

Ndiyo maana wenye Prado, Hilux na mkonga wengi wanawaza kitu kimoja: kuvalisha matairi makubwa ili gari liinuke. Wazo si baya. Tatizo ni kwamba watu wengi wanapiga hesabu ya kupanda tu, wanasahau kwamba gari hilo hilo lazima lirudi chini, na mara nyingi linarudi na mzigo.

Namba za ubavuni zinasema nini

Chukua tairi la 265/65R17, ambalo Prado na Hilux nyingi zinakuja nalo. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. 17 ni rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 776 hivi.

Ukipanda hadi 265/70R17 unapata milimita 803. Ukienda 285/70R17, ambalo vijana wengi wanalipenda kwa muonekano, unafika 831. Hiyo ni nyongeza ya milimita 55, karibu asilimia 7.

Sasa sikiliza hapa: gari haliinuki kwa milimita 55. Linainuka kwa nusu yake, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Difu yako inapata nafasi ya milimita 27 tu, kama upana wa kidole gumba. Springi zilizochoka zikibebeshwa magunia ya tangawizi zinashusha bodi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kama gari linakwaruza tumbo kwenye mawe, huenda fundi wa springi na shokapu anatakiwa kuonwa kabla ya muuza matairi.

Kupanda unasikia, kushuka unashtukia

Tairi kubwa ni sawa na kuongeza urefu wa kila gia. Mzunguko mmoja wa tairi unalipeleka gari mbali zaidi, hivyo injini inapoteza nguvu kiasi. Kwenye kupanda utalisikia mara moja: kona ambayo ulikuwa unaipiga na gia ya pili, sasa unatafuta ya kwanza. Mwenye fowili yenye gia nzito atajiokoa nayo.

Kushuka ndiko kwenye kazi. Dereva mzoefu wa milima hashuki kwa breki, anashuka kwa gia, injini inamshikia gari. Ukiongeza tairi kwa asilimia 7, ule mshiko wa injini unapungua kwa kiasi kama hicho. Wakati huo huo tairi na rimu ni nzito zaidi, na breki ni zile zile zilizotoka kiwandani. Matokeo yake mguu unakaa kwenye pedali muda mrefu, breki zinachemka, pedali inalainika. Ukisikia harufu ya kuungua ukiwa bado juu, usijipe moyo kwamba Same inaonekana. Simama kwenye sehemu tambarare, kinga gari kwa jiwe, acha zipoe, na usizimwagie maji.

Australia, nchi yenye Land Cruiser nyingi na njia mbovu za kutosha, kanuni zake za kurekebisha magari zinaweka kikomo kwa magari ya aina hii: kipenyo kisizidi milimita 50 juu ya tairi kubwa lililoidhinishwa na mtengenezaji. Lile 285/70R17 linapita hapo kama gari lako lilikuja na 265/65R17. Kwa milima ya Upare, hatua moja tu, yaani 265/70R17, inatosha. Ni nyongeza ya asilimia 3 na nusu hivi, na hulazimiki kugusa kitu kingine kikubwa.

Halafu kuna tochi

Spidi ya dashibodi inahesabiwa kwa mizunguko ya tairi. Ukiweka tairi lenye nyongeza ya asilimia 7, mshale ukiwa kwenye 50 gari linaweza kuwa linakimbia 53 na ushee. Ni kweli magari mengi yanatoka kiwandani yakisoma juu kidogo ya spidi halisi, kwa hiyo wengine wanaponea hapo. Ila barabara kuu ya kwenda Moshi ina vijiji vingi na vibao vya 50 vingi, na kosa la barabarani lina faini. Baada ya kubadilisha, washa GPS ya simu, mwachie abiria aiangalie, ujue dashibodi yako inadanganya kiasi gani.

Jembamba au pana?

Angalia mkonga za kazi na Land Rover za zamani zinazopanda milimani. Nyingi zinavaa 7.50R16: tairi refu, karibu sentimita 80, lakini jembamba, inchi saba na nusu tu. Anayetaka la kisasa zaidi anaweka 235/85R16, ambalo urefu wake ni karibu ule ule, milimita 806. Hapo haongezi urefu, anaongeza upana kiasi.

Wembamba huo una kazi yake. Njia nyingi za Upare zina tope la juu tu, chini yake kuna ardhi ngumu au mwamba. Tairi jembamba linakata tope na kwenda kushika chini. Tairi pana linaelea juu ya utelezi, na kwenye njia yenye bonde pembeni hakuna dereva anayetaka gari linaloelea. Pia kwenye kupishana, kila sentimita ya upana inakusogeza ukingoni.

Tambarare ni habari nyingine. Ukishuka upande wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kuna maeneo ya udongo mweusi wa mbuga. Ukiwa mkavu unapita na gari lolote lililoinuka kidogo. Ukilowa unajaa kwenye meno ya tairi mpaka linakuwa duara laini, na hapo hata tairi la milioni halikusaidii, subiri jua. Kwenye mchanga wa makorongo, upana unasaidia kweli, lakini kupunguza upepo kunasaidia zaidi na ni bure. Kutoka 35 kwenda 22 au 20 unaona tofauti palepale. Sharti uwe na pampu ya kurudishia. Usipande mlima wenye kona na mawe ukiwa na upepo mdogo, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Meno nayo yana lugha yake. H/T ni la lami, M/T ni la tope zito, A/T liko katikati. Mtu wa Same anayepanda mlimani wikiendi na siku nyingine anakwenda Moshi, zaidi ya kilomita 100 za lami, hana sababu ya M/T. Linapiga kelele, linakula mafuta, na breki yake kwenye lami iliyolowa si ya kuaminika. A/T lenye ubavu mgumu linamtosha, na huo ubavu ndio utakaokutana na miiba ya migunga na mawe ya pembeni.

Mzigo na umri kabla ya ukubwa

Same inajua maana ya tairi kupasuka. Juni 28, 2025, basi na basi dogo yaligongana eneo la Sabasaba na kuwaka moto. Taarifa ya awali ya Ikulu ilisema watu 38 wamefariki, na kwamba chanzo ni tairi la basi moja kupasuka na dereva kushindwa kulimudu.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla ya kushangaa ukubwa, soma namba mbili ndogo. Ya kwanza inafuata ukubwa, mfano 112S. Hiyo 112 ni uwezo wa kubeba kilo 1,120 kwa tairi moja, na 100 ni kilo 800. Kamwe usishuke chini ya namba ya tairi la kiwandani, hata kama jipya ni kubwa kwa umbo. Ya pili ni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado mpira umekauka kwa sababu limekaa juani miaka. Likiwa na nyufa ndogo ubavuni, mwachie muuzaji.

Siku ya kufunga

Usiondoke gereji bila kujaribu. Pakia gari, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, kisha panda jiwe kwa tairi moja la mbele na urudie. Likigusa madigadi au bomba la breki pale gereji, kwenye kona kali litagusa vibaya zaidi.

Nunua matano, si manne. Spea ya ukubwa wa zamani ikifungwa pamoja na matatu makubwa, difu inalazimika kufanya kazi muda wote, na ukiwa umeingiza fowili kwenye ardhi ngumu unaweza kuvunja gia. Hakikisha la tano linaingia kwenye sehemu ya spea, na kwamba jeki ya gari inafika juu vya kutosha, maana gari limeinuka na tairi limekua.

Wenye RAV4 na Escudo wasijaribu kuiga mkonga. Hayo hayana nafasi kubwa kwenye madigadi. RAV4 ya 215/70R16 ibaki na saizi hiyo hiyo, ila ivae A/T mpya, na siku ya mvua kubwa iachwe Same, mwenyewe apande na gari la abiria.

Nati za matairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza.