Majeruhi, Hospitali Nyingi na Saa Tatu

Mtu akishtuka hadi asijue akimbilie wapi, tunasema kashikwa na kiwewe. Ndiyo maana nakereka ninapolikuta neno hilo katika tafsiri za kitabibu, badala ya “trauma” ya Kiingereza, likitajwa kwa aliyegongwa na gari, aliyekatwa panga au aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Kwa daktari wa afya ya akili linafaa. Kwa daktari wa upasuaji linapotosha, maana mtu aliye mbele yake anavuja damu, na huenda hana hofu hata chembe.

“Jeraha” nalo halitoshi. Mtu akianguka na bodaboda bandama ikapasuka, damu hujaa tumboni na ngozi ikabaki nzima. Huoni jeraha la kufunga bandeji. Lakini Kiswahili hakijakwama. Redioni tunasikia kila wiki kwamba majeruhi wamekimbizwa hospitali, wala hakuna anayeuliza kama ngozi zao zimechanika. Neno hilo linamtaja mtu mwenyewe, ndiyo sababu nalipenda. Tuseme matibabu ya majeruhi.

Istilahi ninayoitafutia Kiswahili ni ya utafiti wa matibabu ya majeruhi unaofanywa na hospitali nyingi kwa pamoja, na nusu yake ya pili ni ngumu zaidi. Wengine husema “utafiti wa vituo vingi”, ilhali kwa Mtanzania kituo cha afya ni daraja maalumu, juu ya zahanati na chini ya hospitali. “Utafiti shirikishi” umekwisha kuwa na wenyewe: watafiti wanaokaa na wanakijiji na kuchunguza nao matatizo yao. Mimi nachagua “utafiti wa pamoja wa hospitali nyingi”. Ni jina refu, lakini “pamoja” lisikatwe. Hospitali mia zikifanya kila moja utafiti wake, hazijafanya utafiti huu. Sharti zifuate mwongozo mmoja, zitoe dozi ileile, zihesabu vifo kwa namna moja, na mgonjwa aingie kundi lake kwa nasibu, si kwa hiari ya daktari.

Kwa nini usumbufu wote huo? Utazameni utafiti wa CRASH-2, ulioratibiwa kutoka London: majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Nusu walipewa asidi ya traneksamiki, dawa iliyovumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Walipewa gramu moja kwa dakika 10, kisha gramu nyingine kwa saa nane. Wenzao walipewa kitu kinachofanana nayo ila kisicho na dawa. Matokeo yalipotoka mwaka 2010, waliofariki walikuwa asilimia 14.5 kwa waliopata dawa na asilimia 16 kwa wengine. Katika kila majeruhi elfu moja, tofauti hiyo ni watu 15 waliookolewa. Daktari wa wodi moja hawezi kuwaona watu hao 15 kwa macho yake, hata akifanya kazi mpaka astaafu.

Macho yanaweza hata kudanganya. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari waliwapa steroidi watu walioumia kichwa, wakiamini wanawaokoa. CRASH ya kwanza, yenye wagonjwa 10,008, ilionyesha mwaka 2004 kwamba ndani ya wiki mbili walifariki asilimia 21 ya waliopewa steroidi, dhidi ya 18 ya wasiopewa. Kosa hilo lilikuwa limejificha kwa kutawanyika, mgonjwa mmoja hapa, wawili kule.

Uchambuzi wa mwaka 2011 wa takwimu za CRASH-2 uliongeza jambo ambalo kila mfasiri anapaswa kulishika: asidi ya traneksamiki husaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtu aumie, baada ya hapo inaweza kumdhuru. Sasa andika ukutani “apewe kabla ya saa tatu”. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku, saa tatu ni ile ya asubuhi, na majeruhi aliyeletwa saa saba usiku ataonekana bado ana muda tele. Walimu wangu walinifunza kwamba “masaa” ni kosa, na katika insha naendelea kuwatii. Kwenye ukuta wa chumba cha dharura ningeandika bila kusita, ili isomeke kuwa ni muda: ndani ya masaa matatu tangu aumie.